Zegereni kwa Mlango wa Nyuma

Ukitandaza ramani ya Mkoa wa Pwani, kile kipande kilicho kati ya Dar es Salaam na Mto Ruvu kina mistari mingi kuliko miji. Barabara ya Morogoro inakikata upande wa kaskazini. Chini yake inapita Reli ya Kati iliyojengwa na Mjerumani, na karibu nayo reli mpya ya umeme, SGR. Kusini zaidi ipo TAZARA, inayokwenda Zambia. Mabomba makubwa ya maji yanatoka Mlandizi yakielekea jijini. Kila mstari una mwanzo wake na mwisho wake, na karibu yote mwisho wake hauko hapa. Katikati ya mistari hiyo limeandikwa jina dogo, Zegereni, kusini mwa Visiga, upande ambao Kibaha inasogeleana na Kisarawe.

Wengi wanaolijua jina hilo leo wanalijua kwa viwanda. Wanatoka Dar es Salaam asubuhi kwa gari, wanakata kushoto Visiga, wanamaliza shughuli zao na jioni wako nyumbani. Mimi nilitaka kuiona kwanza nchi iliyoizunguka, kwa hiyo nikaipa mgongo Barabara ya Morogoro na kuingia kwa mlango wa nyuma, kupitia Kisarawe.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza kukatika. Kutoka Gongo la Mboto daladala ilipanda taratibu hadi Pugu Kajiungeni, na muda si mrefu miti ikawa mingi kuliko nyumba. Vilima vya Pugu si virefu, ila vimekaa karibu na bahari kiasi cha kunasa unyevu wa pepo zake, na ndiyo maana vimebaki na msitu. Huku ndiko unakoanzia Mto Msimbazi, huohuo unaofurika Jangwani mvua zikizidi. Mto Mpiji nao unaanzia vilima hivi, kisha unakwenda kaskazini kuwa sehemu ya mpaka wa Dar es Salaam na Pwani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliwekwa chini ya hifadhi tangu miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza. Ni mabaki ya misitu ya pwani, na ndani yake bado anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa kukaa kiganjani, asiyepatikana nje ya Tanzania. Chini ya mizizi ya miti hiyo kuna kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Mahandaki ya zamani yaliyochimbwa kuifuata sasa ni makazi ya popo, nao hutoka kwa makundi giza linapoingia.

Pugu watu huikumbuka zaidi kwa mwalimu wake mmoja. Julius Nyerere alikuwa akifundisha Chuo cha Mtakatifu Francis, sasa Shule ya Sekondari Pugu, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Ukivuka kilima unakutana na shule nyingine yenye historia ndefu zaidi, Minaki. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na chuo chao Kiungani, Unguja, na mwaka 1925 wakakihamishia hapa. Kwa hiyo kabla Kisarawe haijawa na umeme wala maji ya bomba, ilikuwa na wanafunzi waliotoka pande zote za nchi. Walisoma, wakafaulu, wakaondoka. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza ya nchi hii niliyoanza kuiona: inalea vya wengine.

Mji wa Kisarawe wenyewe umekaa juu ya kilima, na upepo wake unamkausha jasho mtu aliyetoka Kariakoo. Kwa miaka mingi shida yake ilikuwa maji. Dar es Salaam ilikuwa ikinywa maji ya Ruvu huku Kisarawe, iliyo jirani zaidi na mto huo, ikinunua kwa madumu. Mwaka 2020 ndipo bomba lilipofika kutoka Kibamba. Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga pale stendi aliniambia kuwa bado ana mapipa yake mawili ndani. Nikamuuliza ya nini tena. “Bomba lina siku zake, mwanangu,” akasema, “pipa halina.”

Kutoka hapo nilipanda kosta ya Maneromango. Barabara inapita Masaki na Msanga, lami ikija kwa vipande na vumbi likimalizia. Pande zote mbili ni mikorosho, miembe mikubwa iliyopandwa na watu waliokwisha kufa, na mashamba ya mihogo yanayoanzia mlangoni mwa nyumba. Udongo ni mchanga mwepesi. Kwenye miinuko unakauka haraka, mabondeni maji yanatuama na watu wanapanda mpunga. Nchi nzima ya hapa imekaa hivyo, tuta na bonde, tuta na bonde, mpaka ukutane na uwanda wa Ruvu. Anayelima anahitaji vyote viwili: muhogo na korosho juu, mpunga na mboga chini. Ndiyo sababu vijiji vya zamani vilikaa mitelemkoni. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwasogeza wengi kandokando ya barabara, lakini ukiuliza shamba la mtu liko wapi, mkono bado unanyooka kuelekea bondeni.

Maneromango ni kijiji kinachoonekana kutulia kuliko historia yake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na miaka mitatu baadaye wakaja hapa. Miaka michache baadaye serikali ya Kijerumani ilianza kuwalazimisha watu wa Uzaramo kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Mtu alifanya kazi siku nyingi za mwaka katika shamba lisilo lake, akaliacha lake linaota majani, na ujira wake mwisho wa msimu ulikuwa fedheha. Vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini mwaka 1905, moto ulifika Uzaramo pia. Kibasila, kiongozi wa Kizaramo wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa waliokataa, na Wajerumani walimnyonga. Jijini jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari iliyoko Temeke. Wengi wanaoshuka kituo cha Kibasila hawajui kwamba wanataja jina la mtu aliyenyongwa kwa sababu ya pamba.

Huku Maneromango ndiko pia Uzaramo unapoonekana bila kutafutwa. Wazaramo ni watu wa ukoo wa mama; mtoto huhesabiwa upande wa mjomba wake, hata kama Uislamu umeleta hesabu nyingine ya urithi juu ya hiyo. Zamani msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kwa muda mrefu, na mwali huyo alipewa mwana hiti, kisanamu cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo na kichwa kilichogawanyika juu, akitunze na kukilea kama atakavyolea mtoto. Visanamu hivyo sasa vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya, vimewekwa nyuma ya vioo na maelezo ya Kijerumani. Kijijini niliona mwali akitolewa kwa mdundiko, ngoma ikitangulia na akina mama wakijibu kwa vigelegele. Mwana hiti sikumwona. Msichana mwenyewe alikuwa amevaa miwani ya jua na shangazi yake alikuwa akimrekodi kwa simu.

Kutoka Maneromango hadi Mzenga nilipanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha alikuwa na jaketi la mvua, ndala na maoni kuhusu kila kitu, kuanzia bei ya korosho hadi Simba na Yanga. Tulipofika Mzenga akanionyesha reli. “Hii ya Mchina, mkuu. Mzee wangu aliifanyia kibarua.” TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Zambia ilihitaji njia ya kupitisha shaba yake bila kutegemea Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu, na njia hiyo ikapita katika mihogo ya Wazaramo. Mzenga ilipata stesheni. Kwa miaka fulani stesheni hiyo ilikuwa soko: treni ikisimama, ndizi, machungwa na kuku vilipanda madirishani, na noti zikashuka.

Chini ya mwembe, si mbali na reli, nilimkuta mzee akichonga mpini wa jembe kwa tezo. Alikuwa amekalia gogo, mti ameubana kati ya nyayo zake, na kila pigo lilitoa ganda jembamba lililojikunja na kurukia miguuni. Hakuwa na haraka. Alipiga mara tatu, akauinua mpini usawa wa jicho, akaugeuza, akapiga tena pale pale alipopaona pana nundu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Wa wapi wewe?”

“Nyumbani Tabora, babu.”

Tezo likasimama. “Mnyamwezi?”

“Ndiyo.”

“Basi kaa hapohapo juani. Kivuli hiki cha waungwana.”

Anayejua utani hawezi kukasirika. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu waliposhuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani na kupanda tena na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Njia kuu ya kwenda Bagamoyo ilifuata bonde la Ruvu, na Uzaramo ilikuwa nchi ya mwisho kabla ya kuiona bahari. Kupita kulikuwa na bei. Wakuu wa Kizaramo, waliokuwa wakiitwa mapazi, walidai hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ada ya njia: doti za kaniki na merikani, shanga, waya. Asiyelipa hakupita.

Mzee alianza kunidai. “Babu zako walipita hapa na mali ya watu mabegani. Wakanywa maji yetu, wakala mihogo yetu. Hongo hawakumaliza. Leo umeileta?”

“Babu, sisi tulibeba mzigo kutoka Ujiji, nyinyi mkakaa chini ya mwembe mkingoja tupite. Nani anamdai mwenzake?”

Alicheka hadi tezo likamponyoka. Akamwita mjukuu wake kutoka uani: “Mletee maji mtumwa wangu huyu, ametembea tangu Tabora.” Maji yakaja kwenye kikombe cha plastiki, ya mtungini, baridi. Kivulini nikaruhusiwa.

Tulipotulia, mzee akasema jambo ambalo nililibeba hadi mwisho wa safari. Kwa maelezo yake, wakati wa hongo mwenye nchi alikaa njiani na mpita njia akasimama mbele yake. Baadaye Mjerumani akaja na reli, Mchina akaja na yake, na sasa imekuja ya umeme. “Hawa wote hawasimami mbele ya mtu. Wanapita. Mwenye nchi unapunga mkono.”

Wageni wa zamani walilijua vizuri hilo la kusimamishwa njiani. Mwezi Juni 1857 Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakafuata bonde la Kingani, kama sehemu ya chini ya Ruvu ilivyokuwa ikiitwa. Walikuwa na wapagazi, askari wa Kibaluchi wa Sultani, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India na ambaye baadaye alifahamika sana. Burton aliandika kwa kinyongo jinsi Wazaramo walivyomsimamisha na kumdai. Hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka 1845 Mfaransa kijana, Maizan, aliyesafiri na mali nyingi na walinzi wachache, aliuawa katika bonde hilohilo, mahali palipoitwa Dege la Mhora. Kwa Ulaya kilikuwa kisa cha ukatili. Kwa upande wa wenye nchi, na kwa wafanyabiashara wa pwani ambao hawakupenda mzungu aifikie pembe moja kwa moja, njia ilikuwa riziki, na riziki hailindwi kwa maneno matupu.

Barabara ya kutoka Mzenga kwenda Mlandizi, tuliyoifuata kwa bodaboda ileile, inaelekea kaskazini. Upande wa mashariki unatanda Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, uliolalia Kibaha na Kisarawe kwa pamoja. Wataalamu wanauthamini kwa komba na kwa sange, kale kanyama kenye pua ndefu kama mkonga mdogo. Dar es Salaam inauthamini kwa mkaa. Tulipishana na baiskeli na pikipiki zilizobeba magunia hata usimwone mwendeshaji. Gunia moja nyuma, jingine juu yake, kamba za mpira zikiwa zimekaza. Kijana wangu aliwapigia honi kwa heshima. Alisema wengine ni jamaa zake, na kwamba mtu asiye na mikorosho iliyozaa atakula nini mwezi wa nne. Sikuwa na jibu la kumpa. Jiji la mamilioni linapika kwa mkaa, na msitu uliobaki karibu nalo ni huu.

Kadiri unavyosogea magharibi udongo unabadilika. Mchanga unaisha, unaanza udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mguu wakati wa kiangazi. Huo ni uwanda wa Ruvu. Mto wenyewe unatoka milima ya Uluguru, unashuka kwa kasi, kisha ukifika huku unakuwa mzito na wa rangi ya chai ya maziwa, ukijipinda hadi bahari ya Bagamoyo. Ng'ombe wa wafugaji wanafuata majani yake, wakulima wanafuata unyevu wake, na kila kiangazi viongozi wa vijiji wana kazi ya kusuluhisha.

Kabla ya Mlandizi tulivuka reli. Ya zamani kwanza: njia yake ni ya mita moja, chuma chembamba kilichochakaa kikang'aa juu. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule wa Maji Maji, ukafika Morogoro mwishoni mwa 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli hii ndiyo iliyowaua wapagazi, yaani kazi yao, na kuiacha Bagamoyo ikichakaa. Stesheni za Soga na Ruvu zilizaliwa nayo. Ruvu ilipata uzito zaidi mwaka 1963, ilipojengwa njia ya kuunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Kisha reli mpya, juu ya tuta la mawe, na nyaya zake za umeme. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024. Treni ya kawaida husimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Ya haraka inaziruka zote. Ilipita moja tukiwa tumesimamisha pikipiki. Kijana wangu aliitolea simu, lakini alipofungua kamera ilikuwa imeshapotea.

Mlandizi ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, mji wa soko, wa mabasi na wa mpira. Ruvu Shooting ilikuwa ikiwakaribisha wakubwa wa Ligi Kuu kwenye uwanja wa Mabatini, na wengi waliondoka bila pointi tatu. Lakini kilicho kikubwa Mlandizi ni mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Ulianza kazi mwaka 1959, na upanuzi wa miaka ya karibuni umeufikisha uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, kutoka milioni 82. Ukijumlisha na Ruvu Chini iliyoko Bagamoyo, karibu jiji zima linaishi kwa mto huu mmoja. Oktoba 2022 mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kikashuka, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji, na watu wa Masaki ya jijini na Mbezi Beach wakaanza kutaja jina la mto ambao hawajawahi kuuona. Sasa linajengwa Bwawa la Kidunda huko juu ili kiangazi kisiwe tishio tena.

Nikageuza uelekeo, nikapanda basi la kurudi mashariki kwa Barabara ya Morogoro. Malori ya Kongo, Zambia na Rwanda yalikuwa yamepangana hadi Misugusugu. Visiga nikashuka, nikachukua bajaji kuelekea kusini.

Zegereni haikupokei kwa bango la kukaribisha. Inakupokea kwa barabara iliyochimbwa na matairi ya malori, na kwa vibao vya mbao vilivyopigiliwa kwenye mikorosho: ENEO HILI HALIUZWI, na chini yake namba ya simu. Nchi ni ileile niliyoiacha Masaki na Msanga, tuta na bonde. Tofauti ni kwamba juu ya matuta, ambako zamani ulikaa muhogo, sasa kuna kuta ndefu za matofali, paa za mabati ya buluu na transfoma. Chini, bondeni, bado kuna majaruba ya mpunga na matuta ya mchicha na bamia. Halmashauri ya Mji wa Kibaha ilitenga eneo hili kwa ajili ya viwanda, na wimbi la “Tanzania ya viwanda” la utawala wa Magufuli likalijaza kwa kasi. Kiwanda cha Kairuki kinatengeneza hapa maji tiba, zile dripu ambazo hospitali zetu zilizoea kuziagiza nje. Magharibi, Kwala, bandari kavu ilizinduliwa Julai 2025, ili makontena yasiendelee kusongamana Dar es Salaam. Ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kwamba mzigo unaletwa huku ili usimame.

Je, kusimama kwa mzigo ni sawa na kusimama kwa watu? Kibaha ina mifano miwili ya kujibia. Mwaka 1963 nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilikubaliana na Tanganyika kuanzisha mradi wa elimu, afya na kilimo kwenye pori la Tumbi. Mwaka 1970 zikaukabidhi kwa serikali, na ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Shule, hospitali na makazi ya watumishi vilibaki, na mji ukakua kuvizunguka. Mfano wa pili ni TAMCO, kiwanda kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Kazi hiyo ilikufa, jina likabaki kwa makondakta: “Tamko, Tamko, kuna anayeshuka?” Eneo lake limepata viwanda vingine, lakini waliokuwa mafundi wake walishatawanyika zamani. Mradi wa kwanza uliacha watu waliozaliana na kuoana pale. Wa pili uliacha kituo cha basi.

Saa sita mchana mageti yalifunguliwa. Vibarua walitoka na ovaroli zao, wengine wana vumbi jeupe nyusini, wakamiminika kwenye mabanda ya mama lishe yaliyojipanga ng'ambo ya barabara. Nikakaa kwenye benchi la mmoja wao. Alikuwa na masufuria manne na mkono usiokosea: kijiko kimoja cha wali, cha pili, upawa wa maharage, kisamvu pembeni, pilipili kwa anayetaka. Wapo waliolipa taslimu, na wapo aliowaandika kwenye daftari la kaunta lenye majina ya utani matupu, walipe Jumamosi. Alikuwa mwenyeji wa upande wa Kisarawe, aliyeolewa Visiga. Shamba la baba mkwe wake lilikuwa mahali fulani ndani ya ule ukuta tuliokuwa tukiutazama.

“Fidia mlipata?”

“Tulipata, kaka. Wanaume wakanunua pikipiki.”

“Na wewe?”

Aliinua upawa, akanionyesha bondeni, ng'ambo ya majaruba, palipokuwa na rundo la matofali na msingi uliofika usawa wa goti. Kiwanja alikinunua kwa awamu kutoka kwenye hela ya wali. Anajenga vyumba sita, kila kimoja na mlango wake, umeme wa LUKU na choo cha ndani. Vibarua wengi, alisema, wanatoka Mlandizi, Kongowe na hata Mbezi, wanaondoka nyumbani alfajiri na nusu ya posho inaishia kwenye nauli. Akipata wapangaji sita atapata na wake zao, wake wakija watakuja watoto, na watoto wakija mwenyekiti wa mtaa hatakuwa na namna, itabidi aidai serikali shule ya karibu.

“Hawa ukiwapikia tu, jioni wanaondoka,” akasema huku akifuta meza. “Wapangishe. Ndiyo utawadai kila mwezi.”

Nikamlipa, akanirudishia chenji, na kwa kuwa alishasikia natoka Tabora, akatoa mia mbili akaiweka pembeni. Ya hongo, akasema, na akamwita aliyefuata foleni.